Sura ya Tano: Bamvua, Zuhura na Kiingereza cha Kidato cha Kwanza

Mtoto aliyekulia Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, humaliza darasa la saba akijua mambo mengi ya anga ambayo hakufundishwa na mtu mwenye chaki. Anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: bahari hujaa mno kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kwenye saa nne au saa tano hukupwa mpaka miamba ikabaki nje. Mama yake na shangazi zake hupanga siku za kwenda kwenye mwani au kusaka pweza kwa hesabu hiyo. Anajua kwamba mwezi ukiwa nusu maji ni mafu, hayatoki mbali wala hayapandi sana. Anajua pia kwamba wavuvi wa dagaa wa Kipumbwi hungoja giza, maana taa haiwaiti dagaa kukiwa na mbalamwezi, na ndiyo sababu katikati ya mwezi wa Kiislamu vyombo huwa vimepumzishwa na watu wanashona nyavu. Na kama nyumbani yupo mzee aliyelima au aliyesafiri kwa jahazi, huenda amesikia habari za Kilimia, kundi la nyota linalopotea kwenye mwanga wa jua mwezi Mei, masika yakiwa bado hayajaisha, na kurudi kuonekana alfajiri mwezi Juni.

Januari inayofuata mtoto huyo anavaa sare mpya na kuingia Kidato cha Kwanza. Katika muhtasari wa Jiografia uliotumika kwa miaka mingi, mada ya pili, baada ya maana ya jiografia yenyewe, ni mfumo wa jua. Ametoka kwenye wiki chache za kozi ya kumwandaa kwa Kiingereza, na sasa jua, mwezi, sayari, kujaa na kupwa kwa maji, yote aliyoyajua kwa miguu na kwa macho, yanarudi kwake kwa lugha ambayo shule ya msingi aliisikia kwenye kipindi kimoja tu cha ratiba. Mwalimu anaandika ubaoni, yeye ananakili. Akiulizwa, anakariri. Inafika mahali mwanafunzi ambaye angeweza kumwambia mgeni siku na saa ya kwenda pwani bila kukosea anakosa alama zote kwenye swali la "spring tide" na "neap tide", kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kitabu kinazungumzia bamvua na maji mafu.

Jambo hili linaniuma, na sura hii nimeiandika kwa ajili yake. Katika mada zote za Kidato cha Kwanza, sijaona iliyo bora kuliko anga na sayari kwa kumfundishia mtoto wa pwani Kiingereza. Sharti lake ni kuanza na kile anachokijua, na kumwachia akielewe kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza kije baada ya jambo kueleweka, kije kwa sentensi fupi, na kila sentensi iwe kweli anayoweza kwenda kuihakikisha mwenyewe.

Vitabu vingi vya Kiingereza vinavyoingia nchini huanza na mambo ya mbali. Kuna misimu minne ya mwaka, kuna theluji, kuna treni ya chini ya ardhi, kuna mtu anaagiza chakula kwenye mgahawa wenye orodha ndefu. Mtoto wa Mwera au Mkwaja anabeba mizigo miwili kwa mara moja: lugha asiyoijua na dunia asiyoijua. Anga halina tatizo hilo. Zuhura anayeonekana London ndiye anayeonekana Pangani, na mara nyingi Pangani anaonekana vizuri zaidi, kwa kuwa taa za mji ni chache na upeo wa bahari uko wazi. Hata vile ambavyo sisi hatuvioni vina faida. Pangani iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 5 na nusu hivi, kwa hiyo nyota ya kaskazini inayosifiwa sana kwenye vitabu vya Ulaya haichomozi kwetu kabisa. Mwalimu akisema hivyo darasani, na akawaonyesha watoto Msalaba wa Kusini jioni ya Mei, wanajifunza kwamba kitabu kiliandikwa na mtu aliyesimama mahali fulani, na wao pia wamesimama mahali fulani. Mwezi mwandamo ni vivyo hivyo. Katika picha za vitabu huchorwa umesimama wima, lakini kwetu, karibu na Ikweta, mara nyingi hulala chali. Mwanafunzi akiandika "Our new Moon lies on its back" ameandika Kiingereza sahihi na sayansi sahihi, na hakukinakili popote.

Tuingie kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo mada ya anga inapoonyesha nguvu zake.

Kosa linalowasumbua wanafunzi wetu kuliko mengine ni ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Mwanafunzi anaandika "The Earth go round the Sun", mwalimu anachora mstari mwekundu, kesho yake kosa ni lile lile. Sheria anaijua, anaweza hata kukusomea. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuihisi. Sasa tazama Kiswahili cha pwani. Sisi tunatofautisha vizuri kabisa kati ya "jua linachomoza" na "jua huchomoza mashariki". La kwanza linasema kinachotokea sasa hivi, la pili linasema desturi ya siku zote. Kiingereza nacho kina tofauti hiyo hiyo: "The Sun is rising" kwa la kwanza, "The Sun rises in the east" kwa la pili. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba mahali ambapo wao wangetumia "hu-" ndipo Kiingereza hutumia kitenzi kitupu, na "s" hushikamana nacho mtendaji akiwa mmoja asiye mimi wala wewe, kazi imekuwa nyepesi kwa nusu. Na sayansi ya sayari karibu yote ni ya "hu-". Mwezi huvuta bahari. Dunia hujizungusha kwa saa 24. Mirihi huzunguka Jua kwa siku 687. Kila mtendaji ni mmoja, kila jambo ni la daima, kwa hiyo "s" inarudi kila mstari: "The Moon pulls the sea. The Earth turns. Mars goes round the Sun." Ukitaka kuwaonyesha upande wa pili, wape wingi: "The planets go round the Sun", na hapo "s" ya kitenzi imeondoka. Kiswahili hakibadilishi chochote kati ya sayari moja na sayari nane katika "huzunguka", na ndiyo maana ni lazima mwanafunzi asimamishwe hapo mara kadhaa mpaka jicho lizoee.

Kisha kuna "the". Hiki ni kineno kidogo kinachowachosha hata waliohitimu vyuo vikuu, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha aina hiyo. Anga linatoa mahali pazuri pa kuanzia. Jua, Mwezi na Dunia kwa kawaida huchukua "the", ila sayari zinazotajwa kwa majina yao hazichukui: "the Sun", "the Moon", lakini "Venus", "Jupiter", "Saturn". Mwanafunzi aliyeandika habari za sayari zote nane kwa aya moja amekutana na uamuzi huo mara kumi na zaidi, na kila mara jibu lipo wazi. Baada ya hapo mwalimu anaweza kwenda kwenye mito, milima na nchi, ambako sheria zinaanza kuwa na matawi.

Viambishi vya mahali navyo vinahitaji subira. "-ni" yetu inabeba mengi: angani, mwezini, baharini. Kiingereza kinataka ugawe. Kitu kiko "in" the sky lakini mtu alitembea "on" the Moon, na sauti ilisafiri "from" the Moon "to" the Earth. Chora duara ubaoni, weka alama juu yake, weka nyingine nje yake, na watoto wataona wenyewe kwa nini lugha imegawanya.

Katika matamshi, nataka nimtie moyo mtoto wa pwani, kwa sababu mara nyingi anaambiwa yuko nyuma. Neno "Earth" humpa shida Mfaransa, Mjerumani na Mchina. Mtoto wa Pangani anasema "thelathini" na "dhahabu" tangu akiwa mdogo, kwa hiyo sauti ya "Earth" na sauti ya "the" zimo kinywani mwake tayari. Shida yake ni kumalizia neno bila kuongeza irabu: anasema "Marsi", "Earthi", "Saturni". Hata hapo anacho cha kumsaidia. Wengi wa watoto hawa wamepita chuoni, wamesoma Kurani, na wanajua kusimama kwenye sukuni mwisho wa aya bila kuburuza irabu. Mwalimu wa Kiingereza anayewakumbusha watoto ujuzi huo anapata matokeo haraka kuliko anayewasahihisha siku nzima.

Hesabu ni eneo jingine lenye faida. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,000. Mtoto wetu husoma: laki tatu na elfu themanini na nne. Kiingereza tunachofundisha hakina laki, kwa hiyo lazima aseme "three hundred and eighty-four thousand". Jua liko kilomita milioni 150. Jupiter, ambayo Kiswahili huiita Mshtarii, ina kipenyo kinachozidi cha Dunia mara 11. Mwanga wa Jua hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Ukisoma tarakimu kubwa za kweli kwa sauti, kila siku mbili tatu, ulimi unazoea, na mwanafunzi huyo akifika kwenye Fizikia na Hisabati hatishiki na sifuri.

Kulinganisha ndiko kunakofurahisha zaidi. Kiswahili kina "kuliko", nayo inatosha kwa kila kitu. Kiingereza kina "bigger than", "hotter than", "more distant than", na hatimaye "the biggest", "the hottest". Waulize wanafunzi: sayari gani ni ya moto zaidi? Wengi watajibu Zebaki, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na Jua. Waambie wakisie kwa Kiingereza, wote wakosee kwa Kiingereza kizuri, kisha wape jibu: ni Zuhura, nyuzi 465 za Selsiasi hivi, kwa kuwa imefunikwa na hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayozuia joto lisitoke. Zuhura hiyo hiyo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, ilhali hulizunguka Jua kwa siku 225. Darasa zima litataka kusema kitu. Mtoto mwenye jambo la kusema hutafuta maneno mwenyewe, na mwalimu kazi yake inabaki kumpa lile linalokosekana.

Nyakati zilizopita pia zina mifano yake. Neptuni ilionwa kwa mara ya kwanza na watu walioitafuta mwaka 1846, na mwaka wake mmoja ni miaka yetu 165 hivi. Mzunguko wa kwanza tangu igunduliwe ulikamilika mwaka 2011. "Neptune has gone round the Sun only once since people found it." Sentensi hiyo moja inaeleza matumizi ya "has gone" na "since" vizuri kuliko ukurasa mzima wa sheria. Pluto nayo: tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, wanaanga wa dunia walipiga kura na kuiondoa kwenye orodha ya sayari. Kama kwenye kabati la shule kuna vitabu vya kabla ya hapo vyenye sayari tisa, visitupwe. Wanafunzi walinganishe kitabu cha zamani na cha sasa na waandike kilichokuwa na kilichopo.

Majina ya Kiswahili ya sayari yana mkanganyiko kidogo. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni ya siku nyingi na yanajulikana, lakini kwa sayari za mbali vitabu vyetu havikubaliani. Ushauri wangu ni mfupi: shule ichague orodha moja, iibandike ukutani pamoja na majina ya Kiingereza, na isimpotezee mtoto muda.

Wazazi wengi hudhani mambo ya anga za juu ni ya watu wa nje na hayajawahi kukanyaga huku. Si kweli. Chini ya kilomita 100 kutoka Pangani, ukivuka mkondo kwenda Unguja, kuna Tunguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga pale kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa kwanza wa kupeleka binadamu angani, mradi uliokuwa na jina moja na sayari ya Zebaki: Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miezi miwili na siku chache, John Glenn aliizunguka Dunia mara 3 kwa muda wa saa 4 na dakika 55. Alipotoka juu ya Kano, Nigeria, kituo kilichofuata kuzungumza naye kwa redio kilikuwa Zanzibar. Katika mzunguko wa kwanza ilikuwa jioni upande wetu, magharibi ikikaribia, na muda mfupi baadaye Glenn akaliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi kwa kasi ambayo hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kuiona. Kituo hicho hakikupendwa na wote. Chama cha siasa cha Zanzibar, ZNP, kilikipinga hadharani, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 kituo kikafungwa, Aprili mwaka huo.

Natamani kila mwalimu wa Kiingereza wa mkoa wa Tanga aijue habari ya Tunguu, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya heshima: mtoto ajue kwamba mbingu za kwao zimo katika historia hiyo. Ya pili ni ya ufundi wa lugha. Mazungumzo ya redio kati ya rubani na vituo vya chini yalitumia sentensi fupi, maneno machache yaliyokubaliwa, na tarakimu zilizotamkwa moja moja, kwa kuwa asiyesikika vizuri angeweza kuhatarisha maisha ya mtu. Hicho ndicho Kiingereza anachokihitaji mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Wagawe darasa makundi mawili, moja liwe ndani ya chombo, jingine liwe Tunguu, wapeane taarifa za mwinuko, saa, wanachokiona dirishani. Hakuna anayehitaji ufasaha wa hotuba kwa zoezi hilo. Anahitaji kueleweka.

Kaskazini zaidi, katika Ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi lililosimama baharini, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji ikaitwa Uhuru. Vyanzo 339 viliingizwa kwenye orodha iliyotokana na kazi yake, na wanaanga wa Marekani, Japani na Ulaya bado huitaja orodha hiyo kwa jina lake la Kiswahili. Mwanafunzi anayehisi kwamba sayansi ni mali ya Kiingereza peke yake na aambiwe habari hiyo.

Niseme sasa msimamo wangu kuhusu lugha ya kufundishia, kwa kuwa haiwezekani kuandika sura hii na kulikwepa suala hilo. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za kufundishia, lakini mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza bado anavuka siku moja kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa mradi wa LOITASA, wakiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, walilishughulikia suala hili darasani. Baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walifundishwa Jiografia na Baiolojia kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza, wakalinganishwa. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi na walizungumza zaidi darasani. Qorro ameeleza kwa miaka mingi kwamba kutumia Kiingereza kufundishia masomo yote siyo njia ya kukifundisha Kiingereza. Kiingereza hufundishwa na mwalimu wa Kiingereza aliyeandaliwa vizuri.

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Wapo wazazi wa Pangani wanaoogopa kwamba Kiswahili darasani kitamnyima mtoto Kiingereza, na hofu yao naielewa, kwa kuwa wameona nani anapata kazi hotelini Ushongo na nani hapati. Lakini kinachomnyima mtoto Kiingereza ni kukaa miaka minne akinakili asichokielewa. Mwalimu wa Jiografia na aeleze mvuto wa Mwezi kwa Kiswahili mpaka ueleweke. Siku inayofuata mwalimu wa Kiingereza alichukue jambo hilo hilo na kulisema kwa Kiingereza. Walimu hao wawili wakae pamoja mara moja kwa wiki, wapange. Hilo halihitaji fedha, linahitaji mkuu wa shule anayeona maana yake.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Kile ninachokipenda kuliko vyote ni kijiti kilichosimikwa wima kwenye uwanja wa shule. Kwa Pangani jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Siku hizo kivuli cha kijiti hupotea adhuhuri. Cha kushangaza darasa ni kwamba hakipotei saa sita kamili: Machi ni kwenye saa sita na dakika 35, Oktoba ni kwenye saa sita na dakika 12. Sababu moja ni kwamba saa zetu zimewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 39. Nyingine ni kwamba Dunia haizunguki Jua kwa mwendo ulio sawa mwaka mzima, na mhimili wake umeinama. Wanafunzi wapime kivuli kila robo saa tangu saa tano na waandike: "At eleven o'clock the shadow is long. Now it is shorter. It is getting shorter." Hapo saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza zinakutana. Saa tano yetu ni "eleven", na mtoto anayeisoma saa kwa njia zote mbili bila kusita ameepuka kosa ambalo limewafanya watu wazima wengi wakose basi na ndege.

Kwa kusikiliza, mfano mzuri ni vipindi vya Sauti ya Amerika vya Kiingereza rahisi, vilivyoanza Oktoba 1959: msamiati wa maneno 1,500 hivi, sentensi fupi, msomaji akisoma polepole. Habari za sayari na safari za anga zilikuwa miongoni mwa mada zake za siku zote. Mwalimu mwenye simu anaweza kuandaa cha aina hiyo mwenyewe, akajirekodi akisoma aya ya sentensi nane kuhusu Zohali na pete zake, akawachezea mara tatu. Kwa matukio ya anga tuna wataalamu wetu. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiwaelimisha wananchi kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete nyembamba juu ya Rujewa, mkoani Mbeya, watu wengi walikusanyika kutazama. Siku ya aina hiyo ikija tena, shule iwe imeyaandaa maneno wiki mbili kabla, na miwani ya kukinga macho pia, maana jua halitazamwi hivi hivi.

Zoezi la mwisho la mada liwe la kazi halisi. Kuna Kisiwa cha Maziwe, nje ya Ushongo, hifadhi tangu 1975. Miti yake ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakitoka na kufunikwa yakijaa. Wageni huenda huko kuogelea kwenye matumbawe. Mpe kila mwanafunzi jedwali la maji la bandari, lililoandikwa kwa mtindo wa saa 24, na umwambie amwandikie mgeni tangazo la Kiingereza la sentensi sita: siku gani aende, saa ngapi mashua itoke, saa ngapi mchanga utaonekana, saa ngapi lazima waondoke, Mwezi uko hali gani siku hiyo, na kwa nini hayo yote yanategemea Mwezi. Mwalimu asahihishe saa kwanza, kisha sababu, kisha "s" na "the", kwa mpangilio huo.